Jiwe Lililoelea Ndooni

Ardhi ilitikisika Jumanne alasiri, kwa muda wa mtu kumeza mafunda mawili ya chai. Vikombe vya Kadii viligongana kabatini, kuku wakarukia paa la banda, na kule nyuma ya nyumba koma ya baba mkwe wake, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka mzee, ikainama kama mlevi. Hakuna aliyeumia Matsangoni nzima. Lakini watu waliogopa, na mwenye hofu hakosi kutafuta wa kumtwika lawama.

Jumatano asubuhi wakampata.

Dorcas, jirani wa Kadii, alikuja kuazima ndoo. Akaikuta uani, maji tele, na ndani mna jiwe. La kijivu, ukubwa wa ngumi, limejaa vitundu kama upande wa juu wa kitumbua. Lilikuwa linaelea. Dorcas akalizamisha kwa kidole, likaibuka. Akalizamisha kwa kiganja kizima. Likaibuka tena, likajizungusha kama linamtazama. Alitimka, ndara moja akaiacha palepale.

Jua halijafika utosini, Kalume alikuwa ameshaingia na bakora yake, Dorcas nyuma yake. Kalume ni mdogo wa marehemu mume wa Kadii, na neno lake kwenye boma lile huwa zito. Jiwe lilikuwa la Cherop, mke wa Karisa, mwana wa Kadii. Alikuwa ametoka Baringo kuja kuolewa, hata miezi mitatu haijatimia, na siku hiyo Karisa alikuwa kazini Malindi.

"Karibu kiti, shemeji," alisema Kadii.

"Sikai. Jiwe kazi yake ni kuzama. Huyu arudi kwao leo hii na mawe yake, kabla koma haijalala chini kabisa."

"Na jana ardhi ilipocheza, alicheka!" Dorcas akadakia. "Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili."

Cherop alisimama mlangoni. Kadii akamtazama. Ndiye huyu aliyekuwa akimkanda goti kila jioni bila kuombwa. Akamuuliza taratibu, kama anayechambua mchele:

"Mwanangu, ulicheka?"

"Nilicheka, mama. Kwetu hutikisika mara kwa mara. Nilihisi kama nimebishiwa hodi na watu wa nyumbani."

"Na jiwe?"

"La kusugulia visigino. Kwetu kuna mlima uliowahi kutapika moto. Hili ni povu lake lililoganda. Ndani ni hewa tupu, ndiyo maana halizami."

"Moto huo nani anauchochea?" Kalume aliuliza.

"Hakuna mtu, baba. Chini kabisa mawe yana joto la kuyeyuka. Juu yake ardhi ni gamba, nalo limekatika vipande vikubwa. Vinasogea polepole, kama kucha inavyoota. Vinapokwaruzana, tunatikisika. Vinapoachana, au kimoja kikizama chini ya mwenzake, moto hupata pa kutokea. Japani, Indonesia, Chile, hata Bonde la Ufa kwetu."

Kadii alikuwa na doti ya leso ambayo hajaikata. Akaitandaza mapajani.

"Kumbe ni kama hii. Vishindo viko hapa, pindo linapokutana na pindo. Huku ndani, penye maandishi ya jina, kumetulia."

"Ndiyo, mama."

"Sisi wa Matsangoni tuko penye jina?"

"Karibu nalo. Lakini pindo likivutwa kwa nguvu, hata jina husogea kidogo."

Dorcas alishainama kuitazama leso. Kalume hakuinama. "Maneno ya vitabuni. Mimi tangu nizaliwe pwani hii, jiwe huzama."

Kadii akakumbuka kitu. Akajiinua, goti likalia, akaingia chumbani. Wakasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kifurushi cha kitambaa kilichochakaa, akakifungua. Jiwe dogo la kijivu, upande mmoja limelika kwa kutumiwa.

"Bibi yangu aliliokota ufukweni Watamu, mimi sijazaliwa. Ndilo lililonisugua visigino siku nilipoletwa kwenye boma hili. Nililijua ni jepesi, basi. Ndooni sijawahi kulitia."

Akaliachia ndani ya ndoo. Likazama kidogo, likaibuka, likaenda kujigonga kwa lile la Cherop.

"Bahari ilikuletea, mama," Cherop alisema kwa sauti ndogo. "Huenda lilitoka milima ya moto ya Indonesia huko, likaelea miezi na miezi."

Kadii hakuyaondoa macho kwa Kalume. "Huyu akirudi kwao na jiwe lake, shemeji, nami nina langu. Nifungieni mzigo."

Kalume akachovya ncha ya bakora ndooni, akalisukuma jiwe moja, kisha la pili. Yote mawili yakarudi juu.

"Ya koma niachieni mimi na wazee," akasema mwishowe. Akavuta kiti, akaketi. "Mkaza mwana, chai yangu sukari kidogo."

Cherop akakimbilia jikoni. Dorcas naye aliivaa ndara yake, akafikiri, akaivua tena, akakisogeza kisigino chake chenye nyufa karibu na ndoo.

"Mama Karisa," akanong'ona, "hebu niazime hilo la Indonesia."