Amplifaya ya Saluni ya Bi Mwamvua

Junaid alisimama ghafla katikati ya kichochoro cha Kiponda, mkono mmoja umeshika mfuko wa ndizi, mwingine ameunyosha kumzuia mkewe asisogee.

"Unasikia?" akauliza.

Amne alisikia. Taarabu ilikuwa ikitoka mahali fulani juu ya vichwa vyao. Kwa kawaida taarabu ya njiani haikumshughulisha, lakini hii ilimshika. Alikuwa mwalimu wa Kiarabu, kutwa sikio lake likitenganisha ha na kha vinywani mwa watoto wa skuli, na sasa sikio hilo lilimwambia kwamba nyuzi za ganuni zimekaa pake, fidla zimekaa pake, na mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kila ubeti kama mtu aliye chumba cha pili.

"Hiyo si spika ya simu," Junaid akanong'ona. "Hiyo ni amplifaya ya zamani. Ya miaka ya sabini, na haikosi kuwa ya Kijapani."

Kwao walikuwa nazo sita. Mbili uvunguni, mbili juu ya kabati, moja nyuma ya mlango, na moja, kipenzi cha Junaid, dirishani. Amne aliishi nazo kama mtu anavyoishi na mawifi: kwa heshima, na bila ya kuziuliza zinaondoka lini.

Wakaifuata sauti. Lakini katika Mji Mkongwe sauti ni mwongo mkubwa. Hugonga ukuta huu ikakuitia upande ule. Iliwapeleka nyuma ya msikiti, ikawarudisha kwa muuza kahawa, ikawapotea kabisa, kisha ikawapokea kwa nguvu mbele ya mlango wenye pazia la maua. Juu ya mlango pameandikwa: Saluni. Wanawake tu.

Junaid aliyasoma maneno yale mara mbili, kama kwamba yangebadilika.

"Amne."

"Naam."

"Hujapaka hina siku nyingi."

Amne alicheka, akapiga hodi, akaingia.

Mwenye saluni, Bi Mwamvua, alikuwa mtu mzima wa Makunduchi aliyeolewa mjini, mwili mkubwa, mkono mwepesi. Alipokea shikamoo kwa marahaba ndefu, akamkalisha Amne mkekani chini ya dirisha na kuanza kumchora viganja. Amne hakutazama viganja. Alitazama rafuni. Pale, baina ya makopo ya mafuta ya nazi na kikapu cha vibanio, ilikaa mashine yenye uso wa fedha, pana kama sanduku la safari, na madirisha mawili madogo ambamo mishale miwili ilikuwa ikicheza.

"Ina mishale?" sauti ya Junaid ikaingia dirishani. Alikuwa ameketi barazani nje, chini yake kabisa.

Bi Mwamvua akauacha mkono wa Amne. "Nani huyo?"

"Mume wangu, Bi Mwamvua. Niwie radhi. Ana maradhi ya mashine hizi. Tumeifuata yako tangu kichochoroni kule."

Bi Mwamvua alicheka hadi akakohoa. "Mwambie inayo."

"Inayo," Amne akasema. "Miwili. Na vifundo vizito vya chuma. Na ubavuni ina mbao."

Nje pakawa kimya. Amne alijua kimya kile. Ndicho kimya cha Junaid siku alipomposa, wakati baba yake Amne alipokuwa akifikiri jibu.

Ilikuwa ni wakati huo, viganja vyote viwili vimekwisha kujaa hina mbichi, ndipo mshale wa kulia ulipoanguka. Nusu ya muziki ikafa, ganuni ikatoweka. Bi Mwamvua akaenda akaipiga kofi la ubavu, kwa mazoea, kama anayemwamsha mtoto wa skuli. Muziki ukarudi, ukaondoka. Akaipiga tena. Safari hii haikurudi.

"Kila siku kofi," akasema. "Hii ya marehemu baba. Alikuwa akipigia muziki kwenye maharusi. Mie nnaipiga makofi mpaka naona haya. Na alasiri biharusi anakuja kupambwa, atapambwa kwa muziki wa upande mmoja? Nshachoka. Mwambie mumeo aje aichukue, bure, nipate nafasi rafuni."

Nje, Junaid akakohoa. Amne aliishi na kikohozi kile miaka minne na alikielewa kama maandishi: kubali, haraka, usiseme neno.

Akainuka, mikono ameinyanyua hewani hina isichuruzike, akalisogeza sikio lake karibu na mashine. Upande wa kulia haukuwa umenyamaza kabisa. Ulikuwa ukikwaruza, kidogo kidogo, ukiomba kurudi. Akajishangaa anavyotaka urudi, maana hakuwahi kushughulishwa na mashine hata siku moja.

"Bi Mwamvua," akasema, "nikinyamaza nitakuwa nimekuibia. Haijafa. Mume wangu husema kitu kinachofufuka kwa kofi ni waya au mguu wa kifaa ulioachia ndani, basi. Na watu wanazitafuta hizi kwa taa."

Nje alisikika mtu akijipiga kofi la paji la uso.

Bi Mwamvua aliegemea rafu. "Najua ina thamani. Walikuja mafundi wawili wakaniambia ni kipande cha bati, nikawatoa mbio. Wewe wa mwanzo kunambia kweli. Lakini mie sitaki tena kuiuguza. Nnataka ya kubonyeza, simu iongee nayo, nifanye kazi yangu. Hamna nyingine?"

"Tunazo sita."

"Basi nipe moja isiyotaka kofi, hii mwende nayo."

"Amne," Junaid akasema dirishani, kwa sauti ya mtu anayezama, "si ile ya dirishani."

Amne alizipitia zote sita moyoni. Iliyopokea simu bila ya waya ilikuwa moja tu.

"Ni ile ya dirishani," akasema.

Kabla ya alasiri Junaid aliileta mwenyewe, ameikumbatia, na Bi Mwamvua alipoiona inaimba kutoka kwenye simu yake alipiga ukelele wa furaha uliowatoa majirani. Ile ya zamani ilikwenda kwa hamali, juu ya mkokoteni, imezungushiwa kanga. Amne alitembea pembeni yake akiishika kila gurudumu lilipogonga jiwe.

Asubuhi ya pili, siku ya mapumziko, waliifungua juu ya meza ya chakula. Ikatoka harufu ya udi na mafuta ya nazi. Ndani mlikuwa na poda, nywele, na vibanio vitatu vilivyodondokea kwenye matundu ya juu. Junaid akavitoa kimoja kimoja kwa koleo, jasho likimtoka.

"Kimoja kingelala vibaya, saluni ingewaka moto," akasema.

Wakapuliza vumbi, wakasafisha vifundo kwa dawa, kisha Junaid akapindua bodi na kuanza kutafuta. Alitafuta mpaka chai ikapoa. Amne, aliyekuwa akimshikia tochi, akainama zaidi.

"Hapa. Mguu huu umezungukwa na mstari, kama pete."

Junaid akaweka kioo cha kukuzia. Mguu wa swichi ndogo inayolinda spika ulikuwa umeachia risasi yake ya kulehemu, ufa mwembamba kama unywele. Akamkabidhi mkewe pasi ya kulehemu.

"Umeuona wewe. Ulehemu wewe."

Kwa mkono mwekundu wa hina Amne akagusisha ncha yake kwenye ufa. Risasi ikayeyuka, ikang'aa, ikakaa.

Hawakuichomeka ukutani moja kwa moja. Junaid alipitisha umeme kwanza kwenye globu ya taa: ikiwaka ikabaki inawaka, ndani kuna hitilafu, ikiwaka ikafifia, mashine ni nzima. Akaangalia nyuma kwamba kitufe cha volti kimewekwa kwenye umeme wa hapa, akasoma bismillahi, akabonyeza.

Globu ikawaka kweupe. Amne alimshika mumewe bega. Kisha ikafifia, ikafifia, ikabaki uzi mwekundu tu. Kutoka ndani ya mashine ikasikika tik.

"Hiyo ni swichi ya spika, imekubali," Junaid akasema.

Alipima njia za spika, zote shwari, akaunganisha spika, akaweka taarabu. Na mishale yote miwili ikanyanyuka pamoja. Ganuni ilikuja kulia, safi, kila uzi na jina lake, na fidla zikaitikia kushoto, na nyumba nzima ikawa pana kuliko ilivyokuwa. Amne alijikuta amesimama katikati ya chumba, anacheka peke yake.

Akampigia Bi Mwamvua simu, akaielekeza kwenye spika.

Bi Mwamvua alisikiliza ubeti mzima. Halafu akavuta pua.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia kwa baba," akasema. "Nnakuja. Wekeni chai."

Junaid alikuwa tayari anaangaza macho chumbani kutafuta pa kuiweka, akitaja uvungu, akitaja kabati. Amne hakumngoja. Aliiondoa televisheni kwenye meza kubwa ya ukumbini, akaiweka sakafuni, akachukua kitambaa na kuanza kuipangusa meza.