Matofali ya Kiambere

Wawira alifungua maabara ya vifaa vya ujenzi pale chuoni Embu akiwa na chupa ya chai kwapani, akakuta matofali ya Kiambere yamepiga foleni tena mbele ya mashine ya kupondea. Jumamosi alikuwa ameyatupa nyuma ya jengo, chini ya mparachichi, na mlango aliufunga mwenyewe. Aliweka chai mezani, akatafuta toroli, akayarudisha yalikotoka. Yaliacha vumbi la kijivu sakafuni, na hilo nalo akalifagia.

"Yamerudi?" akauliza Gedion, mkuu wa maabara, bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Yamerudi."

"Ambia hayo yakae kando. Saa nne kuna wanafunzi wa practical."

Wala hawakushangaa. Matofali yale yalikuwa na haki ya kulalamika, na wote wawili walijua. Mwaka uliopita Wawira alipima matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Ya udongo mwekundu wa kwao Kanja yalibeba mzigo hadi mashine ikaguna. Ya Kiambere, huko chini Mbeere, yalisimama vizuri yakiwa makavu, lakini yakilowa yalilegea kama ugali ulioingiwa na maji. Basi siku ya kuweka vipimo kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako mtu yeyote huchukua bure, alifanya alivyozoea tangu utotoni akiwa na ungo wa maharagwe mapajani: akachambua. Mabovu kando, mazuri yabaki. Nani hupika halafu akawaeleza wageni alichokitupa? Penye maelezo ya udongo aliandika "udongo wa Embu" na kuishia hapo, maana watu wa juu wakisema Embu, Mbeere huwa haiwajii akilini, ingawa nayo imo Embu.

Data ilipendwa. Gedion alialikwa kwenye mikutano na kupigiwa makofi. Kisha shule moja ya wasichana karibu na bwawa la Kiambere ikavichukua vipimo vile na kujenga bweni kwa udongo uliochimbwa palepale uwanjani. Bweni likapakwa rangi ya maziwa. Maxine, binti pekee wa Wawira, aliyesoma pale, akapewa kitanda cha ukutani, na wiki hiyohiyo matofali yakaanza kurudi.

"Si tuongeze tu yale tuliyotoa, na tueleze?" Wawira aliwahi kusema.

Gedion aliiweka simu chini. "Tukiongeza sasa, wataanza kuuliza kwa nini hatukusema mwanzo. Na bweni imeshafunguliwa na wakubwa. Wacha hiyo maneno, Mama Maxine."

Akaiacha. Aliogopa kupoteza kazi kwanza, ndipo akaogopa mengine, na aliona haya kwamba hofu zake zilijipanga hivyo.

Alhamisi mawingu yaliposhuka kuelekea mto Tana, matofali yalianza kutoka jasho. Maabara ilikuwa kavu, lakini chini ya kila tofali kulikuwa na kidimbwi. Wawira aliomba ruhusa, akateremka Kiambere. Bwenini aliugusa ukuta kando ya kitanda cha Maxine, kidole kikazama hadi kwenye kiungo. Alikifuta kwa leso.

"Atarudi Monday, mum?" akauliza Runji, msichana aliyelala kitanda cha juu. Alikuwa anamsaidia Maxine kufunga sanduku.

"Tutaona."

Mwalimu Nthiga, aliyekuwa zamuni, alimsimamisha getini. "Mama, na sababu ya ruhusa ni gani?"

Wawira alikuwa na maneno mengine mdomoni, yote, kwa mpangilio mzuri. Akayameza. "Kuna shughuli nyumbani," akasema.

Wasichana walisimama mlangoni pa bweni wakipunga mikono. Matone ya kwanza yalikuwa yanatoboa vumbi la uwanja, makubwa makubwa.

Asubuhi iliyofuata Maxine alimsindikiza mama yake kazini. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Matofali yalikuwa kwenye foleni, yamelowa chepechepe, na mbele ya kila moja kulikuwa na jozi ya patipati za wasichana zilizojaa tope la kijivu.

Gedion alikuwa ameshafika. Aliyapita matofali kwa uangalifu ili asichafue viatu. "Data yetu imechukuliwa tena," akasema. "Kuna watu wanataka kujenga zahanati."

Maxine aliinama akaokota patipati ya buluu, ambayo kamba yake ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Hii ni ya Runji," akasema. "Kwani amekuja saa ngapi?"

"Hajakuja," mama yake akasema.

Wawira aliichukua mkononi mwa Maxine, akairudisha mbele ya tofali lake. Kisha akazisogeza zote karibu na ukuta, jozi kwa jozi, wanafunzi wa saa nne wapate pa kupita.