Shimo Kwenye Grafu

Baba Mkubwa haoni tena, kisukari kimemmaliza macho, lakini grafu anazijua kutushinda sote. Mimi namsomea jedwali kutoka kwenye kompyuta, volti baada ya volti, naye anapandisha na kushusha kidole juu ya meza kufuata ninachosema, mpaka mchoro mzima unamkaa kichwani. Nikisoma kivivu, ananikemea. "Bibi Grafu, hebu soma kama mtu aliyekula!"

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba yake na tupo watatu tu. Yeye anabuni saketi, mwanawe, ambaye ni kaka yangu, anaziunganisha, na mimi nachora grafu na kuandika ripoti. Kabla hatujaunga waya hata mmoja kwa risasi ya kuyeyusha, kaka huigiza saketi nzima kwenye kompyuta, tuone umeme utakwendaje. Safari hii tulikuwa na sanduku la betri la mashine za kupumulia wagonjwa. Umeme ukikatika, swichi iliyo ndani inahamia kwenye betri, na mgonjwa anaendelea kupumua kama hakuna kilichotokea. La kwanza kabisa mzee alimtengenezea mkewe, Mama Mkubwa, mapafu yake yalipochoka, na lilikaa chini ya kitanda chake mpaka siku aliyotutoka. Sasa madaktari walikuwa wanakuja kesho yake kuagiza masanduku ya wodi nzima, na mzee alikuwa hatulii kwa furaha.

Asubuhi hiyo nilitaka grafu nzuri ya kuweka mbele ya ripoti. Siku zote nachora kutokana na jedwali analonipa kaka. Kwa vile alikuwa ametoka, nikafungua mwenyewe matokeo kamili ya kompyuta, yale ambayo hayajapunguzwa. Mstari ukaja umenyooka kwenye volti ishirini na nne, kisha pale swichi inapohama ukaporomoka mpaka sifuri, ukapanda tena. Nikadhani nimekosea. Nikarudia, shimo likaja lile lile.

Nikalishika jedwali la kaka, nikaliangalia vizuri. Lilikuwa na mstari mmoja kwa kila milisekunde mia, yaani kumi tu kwa sekunde nzima. Shimo lenyewe lilikuwa la milisekunde arobaini, limejificha katikati ya mstari na mstari, na mimi muda wote huo nimekuwa nikiunganisha nukta juu yake kama mjinga. Lo!

Kaka aliporudi sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Akaangalia, wala hakushtuka, na hapo ndipo damu ilinichemka hasa.

"Kumbe ulikuwa unajua! Unataka kuwapelekea wagonjwa kifo ndani ya sanduku, wewe? Kisa umenogewa kuitwa Mkurugenzi?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Dada, nakuomba." Akafunga mlango. "Swichi hii ndiyo iliyokuwa kwenye sanduku la mama."

Mama Mkubwa alifariki mchana, umeme ulipokatika kwa mara ya kwanza tangu awekewe sanduku lile. Sisi tulikuwa jikoni. Mashine yake ilikuwa ikizimika hata kidogo, inawaka upya na kukaa ikisubiri mtu aibonyeze. Tulimkuta ametulia, taa za mashine zinawaka zote, tukasema moyo umechoka. Mzee amekuwa akijifariji kwa jambo hilo hilo tangu msiba, kwamba angalau pumzi hakuikosa.

"Basi badilisha swichi," nikasema.

"Kila sanduku analipapasa kabla sijalifunga, unamjua. Nikibadilisha kitu kimoja atauliza kwa nini. Nikinyamaza, wagonjwa watakufa. Nikisema, namuua yeye. Haya, niambie wewe mwenye mdomo."

Fimbo ya mzee ikagonga mlango.

"Mbona mmejifungia kama wezi? Bibi Grafu, nisomee. Nataka niwe nayo kichwani kesho wale wataalamu wakianza maswali yao."

Akakaa, akaweka kidole mezani. Kaka alinitazama tu, macho yamemjaa machozi. Nilimwonea huruma, jamani, na mzee nilimwonea huruma zaidi. Lakini nikaifikiria ile wodi, watu wamelala na mirija yao, na ndugu zao wako jikoni. Nikaliacha jedwali la kaka, nikafungua lile refu.

"Ishirini na nne. Ishirini na nne. Ishirini na nne." Kidole kilitembea sawasawa. "Kumi na tisa. Kumi na moja. Nne."

Kidole kikashuka mpaka kikafika ukingoni mwa meza.

"Sifuri," nikasema. "Sifuri. Sifuri."

"Endelea."

Niliendelea mpaka volti zilipopanda. Yeye alikuwa bado amekishikilia kidole pale ukingoni.

"Muda gani?"

"Milisekunde arobaini, Baba Mkubwa."

"Na mashine ya mama yenu ilikuwa inavumilia ngapi?"

Mimi sikujua, na ningejua nisingesema. Aliyejibu ni kaka, amesimama mlangoni.

"Ishirini, baba."

Alijibu bila kuangalia popote. Mzee akageuza uso kumfuata ile sauti.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki ile ya msiba. Niliona betri bado imejaa, kana kwamba mashine haikufanya kazi, nikashindwa kuelewa. Nikaigiza saketi."

"Njoo."

Kaka akapiga magoti mbele yake. Mzee akampapasa uso polepole, paji, mashavu, kidevu, kwa mikono ile ile anayopapasia masanduku. Vidole vilirudi vimelowa.

"Umekaa na hili peke yako, mwanangu, muda wote huu?"

Kaka akalia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia, hata kaburini.

"Zilikuwapo swichi za haraka," mzee akasema. "Moja nilikuwa nayo mkononi. Ila ilikuwa inapiga kelele kila ikihama, tak, tak, na mama yako usingizi ulikuwa wa taabu. Nikamtafutia ya kimya."

Akavuta pumzi, akaniambia niwapigie madaktari wasije kesho. Kisha akamwomba kaka amletee ile yenye kelele.