Vyungu vya Kebirungi

Dhambi ya Yunia Tibakanya iliungamwa na mtu mwingine, siku ya Jumanne, mbele ya watu arobaini, naye mwenyewe akiwa amekaa benchi la tatu na sweta lake la kijani.

Aliyesimama alikuwa Erivaida, rafiki yake wa miaka ishirini na minane. Alifumba macho, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu, nataka kutembea nuruni," akasema. "Bwana amenionyesha kwamba nimeficha giza. Dada yetu mmoja aliniambia kuwa alimpikia mama yake pombe, na yeye mwenyewe akainywa. Nami nikanyamaza. Leo natubu kunyamaza kwangu."

Akakaa, uso unamng'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga. Watu wakaanza wimbo wa sifa, maana ndiyo desturi ya waliookoka katika milima yetu ya Kigezi, huku Uganda: mtu akiungama, na ndugu wakikubali, huimbiwa, na wimbo ukiisha dhambi nayo imekwisha. Erivaida aliimbiwa beti zote. Lakini katika kundi lile aliyefiwa na mama siku za karibuni alikuwa mmoja tu, kaburi halijatimiza hata siku kumi, na shingo zote zikageuka kumtazama.

Mtu kutubu dhambi ya mwenzake! Huo ni umbeya uliovishwa kanzu, na kila mtu mle ndani alilijua hilo, na kila mtu aliimba. Yunia aliinuka kabla ya ubeti wa tatu, akachukua mwavuli wake, akatoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu alikuwa amekaa nguoni mwake tangu usichana, wakipaliliana mashamba na kubebeana watoto. Hasira ilimpanda taratibu kadiri alivyokuwa akipanda matuta kwenda kwake, na alipofika nyumbani alimenya viazi kama vile vimemkosea.

Kesho yake asubuhi akaja Ezira, kiongozi wa ndugu, na Biblia yake kwapani. Huyu hakuwa kiongozi tu. Mwanawe Kosiya alikuwa amwoe Merabu, binti wa mwisho wa Yunia, Jumamosi ya tatu kutoka siku hiyo. Gauni lilikwisha kushonwa, lilikuwa limening'inia ukutani ndani ya shuka.

Yunia alimkaribisha kwa kibuyu cha bushera ya mtama, kama mgeni yeyote. Ezira alikinusa kwanza.

"Hii ya siku ya ngapi, dada?"

"Ya pili."

Basi akanywa. Mtama ulioota husagwa, hukorogwa, na ukinywewa siku ya kwanza na ya pili ni kinywaji cha waliookoka. Ukiachwa ukachacha hadi siku ya nne ni pombe, na pombe ni motoni moja kwa moja. Kwa hesabu ya Ezira, jehanamu ilikuwa mwendo wa siku mbili kutoka jikoni.

"Unajua kilichonileta," alisema.

"Najua. Miguu yako na ulimi wa Erivaida."

"Usimlaumu Erivaida. Yeye alijisafisha."

"Alijisafisha, halafu maji machafu akayamwaga mlangoni kwangu."

Ezira hakucheka. "Swali langu ni moja, dada. Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Basi ni jambo dogo. Ijumaa utaliweka nuruni, utaimbiwa, limekwisha."

"Na nikisema si dhambi?"

Ezira aliweka kibuyu chini. "Wewe? Wewe uliyevunja vyungu? Dada Yunia, ushuhuda wako umeokoa watu mpaka ng'ambo ya mpaka. Wageni wakija tunakusimamisha wewe."

"Nijibu swali langu, ndugu Ezira."

"Ukisema hivyo, ndugu hawataweza kuwasimamisha hawa watoto kanisani. Kosiya ni mwanangu, lakini siwezi kumwozesha kwenye nyumba yenye giza." Akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Yunia kuliko yote, "Tunakupenda, dada."

Huo ushuhuda wa vyungu kila mtu aliujua kwa moyo, kwa hiyo nitausema kwa kifupi. Yunia aliokoka akiwa na miaka ishirini na minne, Jumapili moja ya mvua, na aliokoka kweli. Mzigo ulimshuka mabegani akausikia ukishuka, na jambo hilo hakulikana hata siku moja, si wakati ule wala sasa. Alitembea wiki nzima akijisikia mwepesi, hamwogopi mchawi wala mzimu wala mume. Wiki ya pili ndugu wakaja kumwelekeza. Shanga avue. Nywele asisuke. Kwenye chungu cha walevi asikae. Na mama yake je, Kebirungi, mjane aliyejulikana mlima mzima kwa omuramba yake, ile pombe ya mtama inayonyonywa kwa mrija? Aliyefunguliwa Jumapili ya kwanza akafungwa tena Jumapili ya pili, kwa kamba mpya, naye akaisifu kamba. Alibeba jembe akaenda kwa mama yake, akavunja vyungu saba, akarudi kusimulia. Siku hiyo aliimbiwa mara mbili.

Kebirungi hakuokoka. Alizeeka hivyo hivyo, na utani wake mdomoni. "Huyo Yesu wako," alikuwa akisema, "alipoalikwa arusini, aliwapa watu bushera?" Na alipolala kitandani mara ya mwisho, tumbo likikataa kila kitu, alimwita binti yake akamwomba kitu kimoja. Si daktari, si mchungaji. Funda la omuramba.

Yunia alitoka nje akaomba. Kisha akaotesha mtama. Siku alipoileta, mama yake aliutazama mrija, akamtazama na yeye. Kwetu mpishi wa pombe huonja kwanza mbele ya anayempa, ili ijulikane hakuna sumu.

"Onja," Kebirungi akasema. "Au umekuja kunimaliza?"

Yunia akanyonya, akameza. Hilo ndilo giza lake. Hilo ndilo alilomwambia Erivaida siku ya matanga akilia, kwa kuwa mtu akifiwa na mama lazima amwambie mtu.

Alhamisi, Merabu alimfuata mama yake kwenye shamba la njegere.

"Mama, sema tu. Ni maneno."

"Maneno gani?"

"Nimetenda dhambi, nimetubu. Basi. Hata dakika moja haiishi. Bibi amekwisha kufa, hatakusikia."

"Mimi nitajisikia."

"Na mimi je?" Merabu alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili. "Wewe kila siku umekuwa mtu wa ndugu. Nimekatazwa hereni, nimekatazwa ngoma, nimekatazwa kwenda kwa Bibi. Yote nimevumilia kwa sababu yako. Leo wewe ndiyo umepata kiburi, na anayelipa ni mimi?"

Mtoto alikuwa amesema kweli. Hasira yake, ambayo siku mbili ilikuwa na watu wawili wa kuwala, ikampata na yeye mwenyewe. Usiku hakulala vizuri. Alimchukia Erivaida, akamchukia Ezira, na kila alipogeuka upande wa pili alimkuta msichana wa miaka ishirini na minne ameshika jembe, anatabasamu.

Ijumaa mchana nyumba ya Ezira ilijaa. Merabu alikaa na wasichana, Kosiya upande wa pili na vijana wenzake. Yunia alisimama bila kuitwa.

"Ndugu, nina dhambi, na leo nitaiweka nuruni."

Vichwa vikaitikia. Mtu mmoja nyuma akasafisha koo, tayari kwa wimbo.

"Miaka ishirini na minane iliyopita niliingia nyumbani kwa mama yangu na jembe, nikamvunjia vyungu vyake saba. Alikuwa mjane, ndivyo vilivyonisomesha mimi. Alikaa mkekani ananitazama. Hakunipiga. Nilipomaliza alianza kuokota vigae kimoja kimoja, asije akajikata mtoto. Nikaja hapa nikawaambia, mkaniimbia. Mwaka uliofuata mkanisimamisha, nikawaambia tena, mkaniimbia tena. Na tangu siku ile sikula kwake. Nikienda anapika njegere, nami nasema nimefunga. Kufunga gani huko, ndugu, kwa miaka ishirini na minane? Nimemdharau mama yangu mbele ya Mungu, na nikaita wokovu. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Naitubu."

Hakuna aliyeimba. Erivaida alifungua mdomo, kwa mazoea tu, akamtazama Ezira, akaufunga.

"Dada," Ezira akasema, "tumekuuliza habari ya pombe."

"Pombe si dhambi yangu. Mama yangu anakufa, ameniomba, nimempa. Na katika mambo yote niliyofanya tangu niokoke, ndugu Ezira, hilo ndilo peke yake ambalo sikuja kwanza kukuuliza wewe. Nilimuuliza Yesu. Hakunikataza."

"Unasema Bwana alikutuma kupika pombe?"

"Nasema Bwana alinifungua, na ninyi mmenifunga. Na mimi mjinga nimewashikia kamba."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Ezira alisubiri hadi ikatulia. Sauti yake haikupanda, haikuwahi kupanda hata siku moja. "Hatuwezi kuimba juu ya hilo," akasema. "Na kama mambo ni hayo, arusi haipo."

Yunia aliwatazama mmoja mmoja, watu aliolima nao, aliozika nao. "Basi kaeni na wimbo wenu," akasema. "Siku mkifiwa na mama zenu, muimbiane."

Akatoka. Benchi la wasichana likakwaruza sakafu nyuma yake, lakini hakugeuka.

Merabu alimfikia kwenye njia ya matuta, ukungu umeanza kushuka, anapumua kwa nguvu.

"Umeridhika?"

"Sijaridhika."

"Umeniharibia arusi."

"Nimekuharibia."

"Hata msamaha huombi?"

"Wewe nakuomba. Wao siwaombi."

Merabu alipiga teke donge la udongo likabingirika hadi kwenye shamba la mtu. Walitembea. Baada ya kona ya pili akasema, si kwa mama yake hasa, "Baba yake aliposema arusi haipo, nilimwangalia Kosiya. Nikasema sasa atasimama. Asiposimama atasema kitu. Hata kukohoa tu." Akafuta pua kwa mkono. "Alikuwa anaangalia viatu vyake."

Yunia alifungua mwavuli, akamfunika naye.

Walipokaribia nyumba ya Kebirungi, iliyofungwa mlango tangu mazishi, Merabu akauliza, "Na Bibi, aliinywa?"

"Aliinywa. Mafunda matatu."

"Akasemaje?"

Yunia alisimama. Hilo hakuwa amemwambia Erivaida, wala mtu yeyote.

"Alikunja uso. Akaniuliza, mwanangu, hii umeipikia kwenye nini? Nikamwambia, kwenye dumu la plastiki. Akanishika mkono, akasema, 'Ndiyo maana. Ilitaka chungu.'"

"Basi?"

"Basi. Akalala."

Kisha Yunia aliukunja mwavuli wake akaanza kupiga nao ukingo wa tuta, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kwa nguvu zote za mikono iliyoshika jembe siku ile ya vyungu, mpaka fimbo ikapinda na kitambaa kikachanika. Merabu alisimama pembeni, akamwacha apige.