Kifua cha Mkwe

Mume wangu Philemon alipasuliwa kifua kutoka karibu na koo hadi juu ya tumbo. Moyo ukasimamishwa, akawekewa vali mpya, mfupa ukafungwa kwa waya, akarudi nyumbani Malava akiwa hai. Baada ya yote hayo, kilichotaka kumuua ni aibu.

Ninasema aibu kwa kuwa sina jina lingine. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na kumwona mkweo bila shati ni jambo la kuitisha kikao cha koo mbili. Sina ugomvi na mila. Ugomvi wangu ni kwamba mama yangu, Rosebella, alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji mpaka akastaafu. Alisafisha vidonda vya wanaume wa kaunti nzima, na kimoja tu alichokatazwa kukitazama kilikuwa kwenye kitanda changu.

Siku moja Mama alikuja mchana, amekumbatia ingokho, kuku mmoja mwekundu, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu. Akaketi barazani, mgongo kwa mlango. Nilipompa chai nikamwambia joto la Philemon limerudi tangu juzi, na kidonda kimekuwa chekundu upande wa chini.

"Limerudi? Kwani lilikuwa limeisha?"

"Liliisha hospitali."

Akaweka kikombe chini bila kunywa.

Nikaingia ndani. Philemon alikuwa ameegemea ukuta, mto kifuani wa kuubana mfupa kama walivyomfundisha hospitalini, macho yanang'aa kwa homa.

"Mama anauliza hii joto imerudi kwa nini."

"Mwambie ni ile mashine. Daktari alieleza."

Nusura nipige kelele. Ni kweli daktari alieleza, nami nilikuwepo. Alisema damu ikizungushwa katika ile mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, mwili hudhani umevamiwa. Askari wote wa damu huamka na kumwaga makali ya kumuua adui. Adui hayupo, basi makali yale huunguza mwili wenyewe, na ndiyo maana mtu huvimba na kupata joto siku za mwanzo. Halafu akatutazama wote wawili akasema, joto likishatulia kisha likarudi, hilo si la mashine tena, mje mbio. Philemon aliishika nusu ya kwanza kama aya ya Biblia. Nusu ya pili aliiacha kulekule hospitalini.

"Alisema pia ikirudi twende."

"Kliniki si ni wiki ijayo? Barabara yote hiyo, Dinah, na hii kifua? Wacha tungoje."

"Mama akiangalia atajua saa hii."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali kanisani. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwake lilikuwa limeanza kunuka.

Basi nikawa mjumbe. Mama akasema nimuulize kama kidonda kinatoa maji. Nikaingia, nikamuuliza. Akasema kidogo. Nikatoka, nikasema kidogo. Mama akasema nimuulize maji ya rangi gani. Kati yao palikuwa na pazia na mlango uliofunguliwa, walisikiana kila neno, lakini kila mmoja alikaa kimya kwa adabu mpaka nimalize kurudia alichokwisha kukisikia. Nyumba yangu ni ndogo, lakini siku ile niliitembea mpaka miguu ikauma.

Nikachoka, nikampiga Philemon picha ya kidonda kwa nguvu, nikampelekea Mama simu. Akageuza uso.

"Toa hiyo."

"Mama, ni picha tu!"

"Kifua ya mkwe ni kifua ya mkwe. Na picha haikohoi." Akashusha sauti. "Weka kiganja juu ya mfupa, umwambie akohoe. Kama mfupa inacheza, utasikia."

Nikarudi, nikaweka kiganja. Philemon akakohoa, uso ukakunjamana kwa maumivu. Kitu kilisogea chini ya mkono wangu. Au ni ngozi tu?

"Sijui," nikamwambia Mama.

"Hujui namna gani?"

"Sijui! Mimi nauzanga mitumba, sijui mifupa ikicheza inachezanga namna gani!" Machozi yakanitoka, nami sikuyazuia. "Mmenichosha nyinyi wawili. Kama mnataka tuzike huyu mtu kwa heshima, mniambie nianze kutafuta masufuria ya matanga."

Kuku aliendelea kukwaruza chini ya meza. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi niliona ataacha pia mjane.

Mama akasimama. Akaomba maji na sabuni. Akavua saa, akanawa mpaka viwiko, taratibu, kidole kwa kidole, kama nilivyomwona akinawa nilipokuwa mtoto nikimngoja wodini.

"Mwambie mgonjwa, nesi anaingia."

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Akanitazama vibaya, lakini akasogea hadi kwenye pazia. "Hodi, mgonjwa."

Kitanda kikalia muda mrefu. Halafu sauti ikasema, "Karibu."

Tulipoingia, Philemon alikuwa amejifunika leso yangu kichwani hadi shingoni, ameishika pindo kwa mikono yote miwili. Shati alikuwa amelifungua. Uso ulibaki wa mkwe, kifua akampa nesi. Ningecheka kama ningekuwa mwanamke mwingine.

Mama aliinama, akaweka kiganja juu ya mfupa.

"Kohoa. Tena."

Nilikuwa namtazama yeye, si kidonda, nami nikajua kabla hajasema.

"Dinah, tafuta gari. Si pikipiki. Gari."

Leso ikasogea. "Mama," Philemon akasema, na tangu anioe sikuwa nimemsikia akimsemesha moja kwa moja. "Ni mbaya?"

"Mfupa imeachana, na kuna usaha. Lakini tumeipata mapema kidogo. Usiogope."

Njia nzima hadi hospitalini Mama aliketi kando yake, akiukandamiza mto kifuani pake kila gari lilipoingia shimoni. Philemon hakuitoa leso. Pale Webuye watu walitazama dirishani wakavua kofia, wakidhani tumebeba maiti.

Walimfungua tena, wakasafisha, wakafunga waya upya. Daktari alisema usaha ulikuwa unaikaribia vali, na tungengoja kliniki, asingekuwa na la kutufanyia.

Sasa yuko nyumbani, na nilidhani tumemaliza upuuzi. Juzi Mama alikuja, akaketi barazani, mgongo kwa mlango, akaanza kunisaidia kuchambua mrenda. Ndani nikasikia, "Dinah, mwambie Mama nimepona." Nje nikasikia, "Muulize kama kweli."

Sikumwambia mtu neno. Niliendelea kuchambua mboga. Wangojane mpaka jioni, mimi nimestaafu.

Halafu, bila kuulizwa na yeyote, Philemon akakohoa kwa nguvu nyuma ya pazia. Mama akaacha mboga, akatega sikio.

"Tena," akasema.

Akakohoa tena.