Swichi ya Mwalimu

Kaka yangu alitaka ndege nyeupe.

"Nyeupe juu, nyeupe chini," alisema, akigonga picha kwa kidole. "Ndege ya maji inapendeza ikiwa nyeupe."

"Ikiwa angani utajuaje tumbo ni lipi na mgongo ni upi?"

"Nimeanza kurusha ndege wewe bado unakojoa kitandani."

"Nilikuwa na miaka thelathini, kaka."

"Basi ulichelewa kuacha."

Tulikuwa tumeketi katika chumba chake cha nyuma, ambacho kilijengwa kiwe cha wageni lakini hakuna mgeni aliyewahi kulala humo. Wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikiita uwanja wa ndege. Darini zilining'inia ndege ndogo za kila namna, zote za kurushwa kwa rimoti, na nyingi zilikuwa na maboya mawili chini badala ya magurudumu, kwa sababu kaka alipenda zile zinazoruka kutoka majini. Alikuwa fundi umeme maisha yake yote na hakuwahi kupanda ndege ya abiria hata siku moja. Hata hivyo mtaa mzima ulimwita Rubani.

Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, na ndivyo anavyoniita anaponikumbuka: Kitinda. Baada ya wifi kufariki, na kaka kuanza kuacha jiko likiwaka na mlango wazi, nilihamia kwake. Daktari aliuita ugonjwa wa kusahau. Kaka aliuita panya.

"Panya ameingia kichwani," alisema. "Kila siku anabeba kitu. Ila bado hajafika kwenye ndege."

Ndiyo maana alitaka kujenga nyingine kabla panya hajafika huko.

"Hii ndiyo ya mwisho," aliniambia siku hiyo ya kuchagua. "Nataka niichague mimi, niijenge mimi, niirushe mimi. Nikimaliza nitaiweka rimoti chini kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki mtu aje kuninyang'anya kama mtoto aliyeshika kisu."

Tukachagua. Alitamani ile ambayo mwili wake wote umechongwa kama mtumbwi, lakini mwenyewe akasema ile inachota maji pua ikiinama kidogo tu. Tukachukua yenye bawa juu ya mwili na maboya mawili, aina ambayo upepo ukiisukuma inajinyoosha yenyewe. Kuhusu rangi tulipatana: manjano juu, na tumboni michirizi minene myeusi ili macho yake yasidanganyike.

"Umenichagulia nyigu," alinung'unika.

"Nyigu hapotei angani."

"Wala hapendwi."

Jina likabaki hilo, Nyigu.

Alijenga asubuhi, wakati kichwa chake kilikuwa safi. Mimi nilikwenda kazini, kwenye duka la dobi ninakopiga pasi, na nikirudi nilimkuta ana unga wa mbao kwenye nyusi na gundi imekauka kwenye vidole. Kazi ya kuvalisha mabawa aliniachia mimi. Ni karatasi laini ya plastiki, unainatisha kwenye mbavu za mbao kwa pasi ndogo, na ikipata joto inajikaza kama ngozi ya ngoma. Pasi naijua. Nilipokuwa nikivalisha niliomba kimoyomoyo, kama nifanyavyo kazini juu ya mashati ya watu nisiowajua. Sikumwomba Mungu amponye kaka. Hilo nilikuwa nimeliomba sana na jibu nililiona kila siku. Niliomba tu ndege iishe kabla yake.

Jioni moja, kabla hatujavalisha bawa lolote, nilikuta mbao za mabawa yote mawili zimelala mezani, gundi imekauka, mbavu zimenyooka, kazi safi kabisa. Nikayasogeza pamoja nione yatakavyokutana katikati. Hayakukutana. Nikageuza moja. Bado.

Kaka alikuwa amejenga bawa la kushoto mara mbili.

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akaiona mikono yangu ilivyosita.

"Yote ya kushoto," alisema.

"Si neno, kaka, mbao zimebaki, tunaweza…"

"Hiyo ingezunguka tu pale bwawani kama kuku aliyepigwa jiwe."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke. Kisha akaketi, akaweka kikombe cha chai juu ya ramani ya ndege, jambo ambalo zamani angemfokea mtu yeyote, akasema polepole, "Kitinda. Panya amefika."

Bawa la kulia tulilijenga pamoja. Yeye alisema, mimi nilikata. Siku nyingine alisahau jina la kitu alichotaka na kunionyesha kwa vidole, na mimi nilijifanya nimeelewa hadi nikaelewa kweli.

Pale bwawani tuna chama kidogo cha watu wanaorusha ndege za maji. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno, mtu wa mizaha, lakini kwa usalama hana mzaha. Mwaka uliotangulia kaka alikuwa amerusha ndege yake vizuri, kisha akageuka na kutembea kuelekea garini huku ndege ingali juu. Ilikwenda kuangukia kwenye matete. Mwenyekiti alinifuata baadaye, akitazama viatu vyake.

"Dada, mimi namheshimu Rubani kama kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini kuanzia leo asirushe bila waya wa mwalimu."

Waya wa mwalimu unaunganisha rimoti mbili. Mwanafunzi anashika moja, mwalimu nyingine. Kwenye rimoti ya mwalimu kuna swichi yenye springi. Mwalimu akiibana kwa kidole, ndege ni ya mwanafunzi. Akiiachia, swichi inaruka, na papo hapo ndege inarudi mikononi mwa mwalimu. Hivyo ndivyo kaka alivyonifundisha mimi, na mara ngapi nilihisi vijiti vya rimoti yangu vimekufa ghafla mikononi, nikajua amenichukulia! Sasa mimi ndiye niliyepaswa kushika rimoti ya mwalimu, na yeye ya mwanafunzi.

Asubuhi ya kwenda bwawani nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, amefunga kamba mwenyewe.

"Ile swichi utaishika wewe," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Usiiachie."

"Sitaiachia bila sababu."

"Hakuna sababu." Alinitazama, na macho yake yalikuwa macho yake ya zamani, ya mtu anayepima waya kabla ya kuukata. "Hata nikikosea. Hata ikienda kujizika majini. Ile ni mbao na plastiki. Mimi ninachotaka ni kuirusha mwenyewe mpaka mwisho. Ukiiachia utakuwa umeniambia kwamba nimekwisha. Niapie."

"Mimi siapi, unajua."

"Basi niahidi. Mungu wako anasikia."

"Ni wako pia."

"Niahidi mbele yake basi, tusimgombanie mwenyewe."

Nikamwahidi. Nikamshika mikono yote miwili, nikafumba macho, nikasema kwa sauti: Bwana, nitaibana swichi mpaka ndege itulie. Kaka akasema amina kabla yangu.

Upepo ulikuwa mwembamba na maji yalikuwa na vikunjo vidogo, vinavyosaidia maboya kujibandua. Mwenyekiti aliwaomba wenzetu watoe ndege zao majini, na hakukuwa na mtu wala mashua upande ule.

"Mzee Rubani, leo tunakuona na nyigu," alisema. "Akiniuma nitakung'oa jino."

"Ling'oe la nyuma. La mbele nalitumia kutabasamu na wajane."

Watu wakacheka. Nikaibana swichi kwa kidole changu cha shahada.

Nyigu alianza kwa kulima maji, pua juu, akirusha povu. Kisha akapanda juu ya maboya yake, akakimbia kwa wepesi, akaacha mstari mwembamba nyuma, na mstari ukakatika. Alikuwa hewani.

Siwezi kueleza vizuri jinsi kaka alivyorusha. Mikono ile ile iliyoshindwa kufunga vifungo vya shati wiki hiyo ilikuwa imetulia kama ya mtu anayemlaza mtoto. Alipiga mzunguko mpana, akalala upande mmoja tuone michirizi, akalala upande mwingine. Akashuka, akayagusa maji kwa maboya kidogo tu, akapanda tena. Mwenyekiti alisimama kando yangu na kunong'ona, "Huyu mtu hana ugonjwa wowote." Nami niliamini kwa muda ule. Nilimshukuru Mungu kidole kikiwa kimekufa ganzi.

"Naileta," alisema kaka.

Ndege ikiwa inakwenda mbali nawe, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ikigeuka kuja kwako, mambo yanapinduka: ukitaka iende kulia kwako lazima usukume kijiti kushoto. Kila anayejifunza huangusha ndege hapo. Kaka alikuwa amevuka hapo miaka mingi iliyopita, kiasi kwamba hakuhitaji hata kufikiri.

Upepo uliinua bawa moja. Alipaswa kulishusha kidogo tu. Aliliinua zaidi. Nikaona bega lake likishtuka. Akasukuma kijiti zaidi, upande ule ule uliokosewa, na Nyigu akaanza kulala.

"Dada," alisema mwenyekiti.

Ningeweza. Ningeinua kidole tu, kitu kidogo kuliko kufungua kifungo. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa tayari na vijiti, na urefu wa kuinyoosha ulikuwepo.

"Achia! Dada, achia swichi!"

Nikabana. Nilibana mpaka ukucha ukawa mweupe. Nilimsikia kaka akisema kwa sauti ndogo, "Njoo, njoo, njoo." Ncha ya bawa ikagusa maji, ndege ikapiga kichwa chini miguu juu, boya moja likaruka peke yake, na bawa likavunjika kwa sauti tuliyoisikia hadi ukingoni. Ndipo maji yakatulia, nami nikainua kidole.

Mwenyekiti alianza kuelekea kwenye mtumbwi wa kuokolea, akasita.

Kaka alikuwa ameshusha rimoti usawa wa tumbo. Aliyatazama maji, kisha waya, akaufuata waya kwa macho polepole hadi kwenye mikono yangu.

"Umeichukua," alisema.

"Kaka…"

"Nilikuwa naileta vizuri. Ukaichukua. Nilikuomba kitu kimoja tu."

"Mzee, hapana," mwenyekiti aliingilia. "Hakuichukua. Nilikuwa hapa hapa, nilimpigia kelele aachie na hakuach…"

Nilimtazama mwenyekiti na kutikisa kichwa. Akanyamaza, mdomo wazi.

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nilikuwa na shahidi. Nilikuwa nimetimiza ahadi niliyoitoa mbele za Mungu, kwa uchungu ambao sitamani mtu yeyote aupate. Na kama ningeusema ukweli huo, na kaka akauamini, angebaki na nini? Angejua kwamba ni mikono yake mwenyewe.

"Ndiyo, kaka," nilisema. "Ni mimi. Niliogopa nikaiachia. Nisamehe."

"Ilikuwa inakuja vizuri."

"Ilikuwa inakuja vizuri sana."

"Sasa umeona."

"Nimeona."

Hakuiweka rimoti chini. Alimkabidhi mwenyekiti, bila kunitazama, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akachomoa waya upande wake na kuuachia ukaanguka miguuni pangu.

Mwenyekiti alileta vipande kwa mtumbwi na kunisaidia kuvipakia nyuma ya gari la dobi ninaloazima siku za mapumziko. "Dada," alisema, "Mungu ameona." Nilijua ameona. Ameona nikitimiza ahadi, na dakika ileile akaniona nikisema uongo, na sikujua ataviweka vipi viwili hivyo pamoja. Bado sijui. Ninapopiga magoti siombi ufafanuzi, namkabidhi vyote viwili kama vilivyo.

Kaka alikataa kiti cha mbele. Alipanda nyuma, akaketi kati ya vikapu vya nguo, akafunga macho. Niliendesha polepole. Katika kioo niliona machozi yamekauka kwenye mikunjo ya uso wake, na baadaye kidogo niliona amelala.

Tulipokaribia taa za barabarani za mtaani kwetu aliamka.

"Kitinda," aliita. Sauti ilikuwa nyepesi, ya furaha kidogo. "Tunatoka wapi?"

Nikafikiri, amesahau, Bwana, amesahau, ahsante.

"Tulikwenda kutembea, kaka. Umepumzika?"

"Nimepumzika." Akasogea mbele, akashika mgongo wa kiti changu, akainama karibu na sikio langu kama anayetoa siri. "Sikiliza. Kuna mwanamke pale bwawani."

"Mwanamke gani?"

"Yule anayeshika swichi. Usimwamini. Aliniahidi, akaniangushia ndege." Akapumua kwa nguvu. "Nilitamani ungekuwepo wewe. Wewe usingenifanyia vile."

Taa ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Hapana, kaka," nilisema. "Mimi nisingekufanyia."

"Najua," alisema, akanipigapiga begani. "Najua, mdogo wangu."

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, nikaondoka, na vipande vya Nyigu vikagongana nyuma yetu kila tulipopita kwenye shimo.