Mkanda wa Mashine ya Nellie

Horace Sugden alikuwa na msemo mmoja, na majirani zake wote pale Halifax walikuwa wameuchoka: mashine ya kufyonza vumbi haifi kwa uzee, inauawa na nywele. Kila mashine kuukuu iliyoletwa jikoni kwake ilipinduliwa mezani na brashi yake ikanyolewa kwa wembe kwanza, ndipo maneno mengine yafuate. Hata mkewe Nellie hakusalimika. "Jifunge kitambaa, mama. Unaniulia mashine," alimwambia kwa miaka arobaini, na Nellie hakujifunga hata siku moja.

Nellie alizikwa Februari. Mwezi wa Mei mashine yake ikakata mkanda unaozungusha brashi, na Winnie, dada yake Horace, akaja na keki, akaketi kumtazama akiitengeneza.

Horace alifungua skrubu nne, akatoa kifuniko. Brashi ilikuwa imezongwa nywele ndefu za mvi, tabaka juu ya tabaka. Winnie akamsogezea wembe.

Hakuugusa. Aliivisha brashi mkanda mpya juu ya nywele zile zile, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo, kisha akarudisha kifuniko.

"Kaka, hujanyoa."

"Najua."

"Mkanda utakatika tena kabla ya Krismasi. Si wewe uliyetuimbia wimbo huo miaka yote?"

Horace akaikaza skrubu ya mwisho.

"Ukikatika," alisema, "nitafungua tena."